Nusu kijiko cha chumvi, au dripu?

Mzazi anampeleka mtoto anayeharisha kwa daktari, anarudi na maelekezo tu: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, ampe kidogo kidogo. Wengi hujiona wamepuuzwa. Daktari gani huyu, hata sindano hakuna?

Madaktari nao waliwahi kuguna. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika India, kipindupindu kilizuka kambini na dripu zikapungua. Daktari wa India, Dilip Mahalanabis, akaamua kuwanywesha maji ya glukosi (aina ya sukari) na chumvi. Vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi 3.6. Hata hivyo wengi waliona tiba hiyo ni nyepesi mno kwa ugonjwa mzito vile. Wepesi wake ulikuwa wa macho tu: glukosi huivusha sodiamu iliyomo kwenye chumvi kupitia ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Kulijua hilo kulihitaji kazi ndefu ya maabara.

Lakini wanaodai maelezo zaidi nao wana hoja. Kijiko kikijazwa kikafanya kichuguu, chumvi huzidi, sodiamu hupanda kwenye damu na mtoto anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi, huvuta maji kuingia utumboni, kuharisha kukaongezeka. Kwa hiyo “kijiko kilichosawazishwa” (pitisha mgongo wa kisu juu yake) ni maneno yasiyofaa kukatwa eti ushauri uwe mfupi. Na mtoto aliyelegea, macho yamezama, ngozi ya tumbo ikifinywa inachelewa kurudi, huyo si wa kikombe. Anahitaji dripu, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito: akiwa ametimiza mwaka, 30 ndani ya nusu saa na 70 kwa saa 2 na nusu, akiwa chini ya mwaka, saa 1 kisha saa 5.

Urefu wa ushauri wenyewe, basi, hautuambii kitu. Dawa ya zinki ya siku 10 hadi 14 inarefusha cheti cha daktari, na inastahili kuwemo. Antibiotiki kwa kuharisha maji matupu mara nyingi hurefusha cheti tu, mzazi aondoke ameridhika. Mimi ningemuuliza mtaalamu jambo moja: ushauri huu unakoma wapi? Anayejua kazi yake atajibu papo hapo: damu kwenye choo, kutapika kila anachopewa, kushindwa kunywa. Ukiona kimojawapo, mrudishe mtoto siku hiyohiyo.