Filamu gani inakaa na samaki mwaka mzima?

"Piga chache, fikiri sana." Juzi nimeusikia tena ushauri huu, safari hii kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuja hapa mjini Unguja kuwafundisha vijana wetu kamera kubwa, zile za kupiga kipande kimoja kimoja cha filamu, nikauma ulimi kwa ajili ya adabu tu. Hapa sina haja ya kuuuma. Huo ni ushauri wa mtu ambaye yeye kashapiga nyingi. Kashaunguza filamu zake huko kwao, kashasahau kufunga lenzi, kashaitia filamu kinyumenyume, na yote hayo kayamaliza ujanani. Leo anamwambia mtoto wa Jang'ombe, ambaye hajawahi kusafisha hata kipande kimoja, kuwa dawa ya gharama ni kutulia.

Bei naijua, msinifundishe. Boksi la filamu ya nyeusi na nyeupe ya 4x5, yaani inchi nne kwa tano, lina vipande 25, la rangi lina 10. Ukipanda hadi 8x10 eneo linakuwa mara nne, na bei inafuata huko huko. Dukani hapa hupati. Unamuagiza mtu anayetoka Ulaya, halafu unaomba dua yule bwana wa uwanja wa ndege akubali kuikagua kwa mkono asiipitishe kwenye mashine.

Sasa mtu aliyepata kitu kwa tabu hiyo, ukimwambia apige chache, atapiga sifuri. Nimeyaona. Kuna kijana namjua, hodari, mkono wake umetulia, aliachiwa kamera na boksi zima. Boksi likaingia kwenye friji la mama yake, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya pweza. Akawa anangoja. Angoje ajue vizuri kwanza, angoje mawingu ya vuli, na khasa angoje ukarabati wa Beit al-Ajaib umalizike, maana picha aliyoipanga ilikuwa ile: jengo zima kutokea Forodhani, asubuhi, nguzo zote. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jengo lile la 1883 ikaporomoka, na roho za watu zikapotea. Mbele ya roho za watu siwezi kulilia picha. Lakini boksi lilikuwa halijafunguliwa, na hilo bado linaniuma.

Dawa ya gharama ni kupiga kwa wingi kwenye kitu rahisi, na kitu chenyewe ni filamu ya eksirei. Hiyo hiyo ya hospitali. Inauzwa kwa maboksi ya vipande 100, na ukigawa bei kwa kipande haifiki hata robo ya ile wanayouziwa wapiga picha. Kipande cha kifua, inchi 14 kwa 17, kinakupa vipande 9 vya 4x5 na ukingo unabaki wa kujaribia dawa ya kusafishia. Tena haioni nyekundu, kwa hiyo unaikata na kuisafisha chini ya taa nyekundu huku unaiangalia picha inavyokuja. Filamu ya kawaida unaisafisha gizani kama kipofu, ukikosea hujui umekosea wapi. Kwa mwanafunzi, kuona tu pale kwenye trei uso unavyoanza kutokea ni somo ambalo hakuna mgeni wa wiki moja atakayelitoa.

Ina ukorofi wake. Kata pungufu kidogo, milimita moja au mbili kwa urefu na kwa upana, la sivyo holda, kile kisanduku bapa kinachoibeba filamu kwenye kamera, inaikataa na utaishia kuilazimisha mpaka ipinde. Kucha zikatwe. Eksirei nyingi zina utando unaonasa picha pande zote mbili, na ukilowa unachubuka kwa kuguswa tu, kwa hiyo laza kioo bapa ndani ya trei, safisha kimoja kimoja, usiviache vikasuguana. Na maji ya bomba letu hayaijui nyuzi 20 za joto inazozitaka dawa: tia trei ndani ya beseni la maji ya barafu, au zimua dawa na upunguze dakika.

Haya, na nyuso. Hapa wapinzani wangu wana haki, na nawapa kwa shingo upande. Kitu kisichoona nyekundu kinaizamisha ngozi ya mtu mweusi, kanga nyekundu inatoka nyeusi ti, na mbingu inatoka nyeupe pe hata kama kulikuwa na mawingu ya kutisha. Basi mtoe mtu juani, mkalishe barazani kivulini, ongeza mwanga hatua moja au mbili (kila hatua ni mwanga mara mbili), na mbingu ziache nje ya fremu. Mji Mkongwe wenyewe una mbingu kiasi gani ukiwa kichochoroni Kiponda?

Karatasi ya kuchapia picha nayo inaingia kwenye holda. Kasi yake ya kunasa mwanga ni ndogo, kama ISO 6 au chini, kwa hiyo jua la saa sita linakutosha: punguza tundu la lenzi hadi f/32, vua kofia yake, hesabu moja, rudisha. Mwenye kifuniko kibovu cha holda akikate nusu kwa urefu, afunike nacho nusu moja ya filamu kisha nyingine, atapata picha mbili ndefu kwenye kipande kimoja.

Wapo pia wa vioo, wanaotaka tupake utando wa picha juu ya kioo badala ya kununua filamu. Kila nikizungumzia gharama anajitokeza mmoja: "Tengeneza bamba zako mwenyewe kama wazee." Wazee wepi? Akina Gomes na Coutinho walifanya biashara ya picha hapa zama za vioo, na mteja alikuwa analipa. Bamba la jelatini alilibuni Maddox mwaka 1871 huko Uingereza, kwenye baridi ya Uingereza. Wewe imimine jelatini hiyo juu ya kioo hapa Unguja mwezi wa Machi, umeme umekatika, halafu uniite nije nione inavyoganda. Kolodioni ya Archer, 1851, nayo ya kumimina juu ya kioo, ina etha, inaruka hewani kabla hujamaliza kumimina, na inashika moto. Kwenye nyumba ya boriti ya miaka mia, ghorofa ya pili, jirani anakaanga sambusa. Ahsante, sitaki. Na kioo chenyewe si gharama, fundi wa madirisha atakukatia. Gharama ni nitreti ya fedha, chumvi inayoufanya utando unase mwanga.

Kinachonikera zaidi ni huu utakatifu. Watu wanapita Capital Art Studio, iliyokuwepo tokea 1930, wanatazama picha za ukutani na kudhani zile zilitoka kwa mtu aliyekaa miezi akitafakari. Studio inaishi kwa kupiga: harusi, paspoti, mtoto wa siku arubaini, kesho tena. Mkono unazoea hivyo. Anayepiga kipande kimoja kwa mwezi, kila mwezi anaanza upya.

Kama kuna mteja anayelipa, nunua filamu ya kweli, mtilie gharama yake kwenye bei na usione haya kumtajia. Sijasema mtu apeleke eksirei iliyochubuka kwenye kazi ya pesa.

Na sasa ombi, kwa mnaofanya kazi kwenye vituo vya afya na maduka ya vifaa, Unguja na Pemba. Wengi mmeshahamia kwenye kompyuta. Yale maboksi ya eksirei yaliyopitwa na tarehe, yaliyofungwa, yasiyotumika, msiyatupe na msiyafungue kuchungulia. Picha za wagonjwa sizitaki, hizo ni siri zao. Nambieni yako wapi na mnayauza vipi. Nakuja na pesa, na kijana mmoja wa kubeba.