Kaskazi Imetuleta, Kusi Haijafika

Jamani nani alisema ukistaafu unapumzika, aje anitazame mimi. Niko Malindi kwa mkwe, kitambaa cha kupangusia mtoto begani, nasubiri upepo. Sio basi. Upepo.

Mambo yalianza na simu. Watoto walimnunulia mama yao simu kubwa, nami nikafurahi nikijua atakuwa anaangalia mapishi kama wenzake, kumbe yeye kapata wazee wawili wa Kimarekani, mtu na mkewe, wastaafu, wanakaa kwenye boti ya tanga. Baridi ikikaribia kwao wanang'oa nanga wanateremka kusini. Wanaanzia Norfolk huko Virginia, wanapita mifereji ya ndani kwa ndani, kuna kinamasi kinaitwa Dismal Swamp maji yake rangi ya chai ya mkandaa, wanakwenda wakipumzika mpaka Florida. Na wakifika kwenye daraja yule mzee anasema maneno mawili kwenye redio, daraja zima linafunguka, magari yanasimama yanamsubiri mstaafu apite! Mimi nilipofuatilia pensheni hata dirisha la karani halikufunguka.

Bi mkubwa kila usiku, "Waona wenzio wanavyowatembeza wake zao?" Nikamwambia wale wanakimbia theluji, sisi Lamu tunakimbia nini, mwezi wa kwanza huu, joto mpaka punda wamejibanza ukutani kugombania kivuli na watu. Akanitazama vile anavyonitazamaga, akasema, "Si uliniambia wewe ni mtoto wa bahari?"

Hapo nikafungika. Maana ni kweli nilimwambia, wakati wa kumposa, na wakati wa kuposa mtu husema mengi. Nilimwambia babu yangu nahodha na mimi nimekulia chomboni. Babu alikuwa nahodha kweli, hilo sikudanganya. Ila mimi nimekuwa karani miaka 35, na bahari yangu ni ile boti ya kuvukia bara, Mokowe, nayo naivuka nimeshika ubao kwa mikono miwili.

Basi tukamwita mpwa wangu ana mashua, imeundwa Matondoni, nzuri tu. Akafurahi, akasema mjomba kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, imetulia, huu ndio wakati wake, tutateremka kama tunasukumwa. Malipo aliyotaja kwa bei ya jamaa ningepanda basi mara tatu na soda juu, lakini mtoto wa bahari haulizi nauli.

Siku ya safari bi mkubwa kaja gatini na hamali wawili. Jiko la makaa, gunia la makaa, mikate ya mofa, achari, nazi kumi, na mbuzi ya kukunia hizo nazi. Nikauliza kwani huko Malindi minazi imekauka? Kimya. Na kulikuwa na kapu moja kafunga kwa leso, hataki mtu aliguse, linatoa harufu kali sijawahi kusikia chomboni, nikadhani ni ile sifa, mafuta ya papa, waliyopaka mashua kwa nje. Shikeni hapo hilo kapu, nitalirudia.

Tukatoka alfajiri. Tulipopita Shela tukafika mlangoni pa kutokea bahari kuu, maji yakabadilika sura, upepo wa ubavuni, mashua ikalala. Mpwa kanitolea ubao nje ya chombo, "Mjomba kaa huku mwisho." Nikakaa, miguu inaning'inia juu ya maji, nikajiona baharia kweli, nikamgeukia bi mkubwa nimpungie mkono. Ndipo nikamsikia kijana mmoja anamwambia mwenzake, "Kile kiroba kingine cha mchanga kiondoe, mzee anatosha."

Miaka 35 ya utumishi.

Hayo si kitu. Upepo ukaongezeka, mpwa yuko kwenye usukani anapiga kelele, "Mjomba regeza demani! Demani, mjomba!" Nami kwa ujuzi wangu wote nikamjibu demani imekwisha tangu mwezi wa kumi na moja, saa hizi ni kaskazi. Wallahi kimya kilichopita hapo hata tanga liliacha kupiga. Kumbe demani si msimu peke yake, ni hiyo kamba ya tanga niliyokuwa nimeikalia. Bi mkubwa hakusema neno. Alijifunika buibui usoni na mabega yakawa yanatikisika.

Mchana wote ghuba ya Ungwana nilikuwa nimelala ngamani nikirudisha mofa moja moja. Mwenzangu anakula achari. Usiku tukatia nanga Ngomeni, pale Waitaliano walipokuwa wakirusha maroketi kutoka baharini, mwaka 1970 ikapaa satelaiti ikaitwa Uhuru, mpwa ananionyesha ile mitambo, mjomba inuka uone, mjomba haoni kitu. Sasa umri huu usiku lazima uamke haja ndogo, mashua haina choo kuna ndoo tu, nikaamka kwa kupapasa nisimwamshe mtu, chombo kikayumba, nikakaa ghafla. Nikakalia mbuzi. Sio yule wa kulia mee. Ile ya nazi, meno juu.

Ndio maana kesho yake tulipoingia Malindi nilikuwa nimesimama omo, mbele ya chombo, mkono kwenye mlingoti, kifua mbele, watu wa pwani wanatazama wanasema nahodha huyo. Nahodha gani, nilikuwa siwezi kukaa.

Tukafika kwa binti yetu, tumbo limemfika kidevuni, bi mkubwa akafungua lile kapu. Mvuje! Mvuje, ile dawa ya kunuka, ubani, nguo za mtoto, kila kitu cha mzazi. Mimi nilikuwa nishasema mapema, akizaa tutakuja siku tatu tumwone mtoto turudi, kukaa arubaini nzima kwa mkwe ni aibu kwa mtu mzima. Hakubishana nami. Mwanamke asipobishana ujue ana mashua mahali.

Nikamwambia mpwa turudi. Akacheka. "Mjomba kupanda na kaskazi hii ni kupiga bisho, huku na huku dhidi ya upepo, mpaka tuchoke, ngoja kusi." Kusi lini? "Mwezi wa nne." Halafu akapandisha tanga akaenda zake Kilifi kutafuta watalii. Hata Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498 na mwezi huohuo akaondoka zake kwenda India, mimi ninaingia wiki ya sita.

Jirani hapa ni mzee wa Kiitaliano, mstaafu naye, kila asubuhi chao chao. Juzi akaniuliza nimekuja kufanya nini Malindi. Nikamwambia kama wewe tu, nimekimbia baridi. Akaitazama fulana yangu ilivyolowa jasho, akaingia ndani.

Na basi lipo, nauli ninayo, nililigusia hilo jana wakati wa chai. Bi mkubwa akaweka kikombe chini polepole, mbele ya mkwe, "Mtoto wa bahari apande basi?"

Leo nimetoka nikaitazama minazi. Makuti yote yanaelekea Mombasa. Mjukuu kanitapikia bega la pili.