Majani ya Plastiki Ukumbini

Kamati ya harusi imeshakata shauri: rangi za mwaka huu ni za majira ya mapukutiko. Kutu, haradali, damu ya mzee na kahawia ya jani kavu. Picha zimemwagwa kwenye grupu, zote za misitu ya Marekani, na mpambaji ameahidi kutundika majani ya plastiki ya mti ambao hapa Ngamiani hakuna aliyewahi kukaa kivulini mwake. Harusi yenyewe Novemba. Novemba, Tanga, mvua za vuli juu yetu, kila kitu kijani mpaka kuta zinaota kuvu!

Sina ugomvi na rangi zenyewe. Damu ya mzee bibi zetu wameivaa kabla ya Pinterest kuzaliwa. Hata haradali, nakubali shingo upande, inampendeza bibi harusi kuliko ile pinki tuliyolazimishwa safari iliyopita.

Lakini rangi zile zina kwao. Kule kaskazini siku zikifupika na baridi ikianza kuuma, jani huacha kutengeneza klorofili, ile rangi yake ya kijani. Kijani huondoka, na njano iliyokuwamo muda wote ikajitokeza; wekundu ndio unaotengenezwa upya, siku hizo hizo za mwisho. Sasa chukua chungwa la Muheza. Limeiva, maji yake yananata vidoleni, na ganda bado kijani. Mgeni analiacha sokoni akidhani ni bichi, shauri yake. Usiku wetu ni wa joto, kwa hiyo klorofili ya ganda haina haraka ya kwenda popote. Chungwa letu lenyewe limegoma kugeuka, halafu sisi tunalipa watu watugeuzie ukumbi!

Na kama ni jani jekundu mnalolitaka kwa dhati, si mti wa mkungu huo hapo? Majani yake mapana huiva mekundu, mengine rangi ya shaba, kabla ya kudondoka. Yanajaa uani, tunayafagia huku tunanung'unika, watoto pembeni wanapasua kungu kwa mawe. Jani moja lina rangi tatu, na halikodishwi. Hakuna hata mmoja wa kamati aliyeliokota akalituma kwenye grupu. Eti halina hadhi. Hadhi inayo plastiki, iliyovuka bahari ndani ya kontena ikafika imekunjamana.

Mkonge, ambao upo nchini tangu 1893, ukianikwa nyuzi zake hutoa rangi ya krimu nzuri sana. Mambo ya krimu hayo, yamekwisha.

Halafu kuna kisutu, ile kanga ya bibi harusi. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, na hapo ongeza weupe wa asumini. Wamama wameolewa nayo na picha zao mpaka leo hazijachuja.

Mpambaji anayeweza kuupamba ukumbi kwa rangi hizo, bila jani hata moja la plastiki, aniandikie. Nina mpwa anaolewa mwakani, na kamati hiyo mwenyekiti ni mimi.