Shemeji, Tovuti Iko Winguni

Mie mwalimu wa Kiswahili, skuli ya msingi huku Ng'ambo. Kosa langu ni moja: nilisema barazani kwamba najua kutengeneza tovuti. Shemeji yangu, mume wa dada, ana nyumba ya wageni Jambiani, vyumba vinne. Akaweka kikombe cha kahawa chini. "Basi n'fanyie." Malipo? Shemeji hatoi pesa, anatoa pweza.

Nikamwambia kazi nyepesi, tovuti yenyewe tuli. Nikampigia mfano. Kuna tovuti kama urojo: mpaka ufike wewe ndipo muuzaji aanze kutia bajia, kachori, chatini na pilipili, kila mtu na bakuli lake. Hii yetu andazi. Limekaangwa asubuhi, liko kwenye sinia, mteja anafika, anapewa, anakwenda zake. Ndiyo maana wako wanaokuwekea bure kwenye seva, kompyuta zao za mbali, huko wanakokuita winguni. Katika maelezo yote hayo shemeji alisikia neno moja: bure.

Usiku wa Jumatatu nikajisajili. Wananitumia namba ya siri kwa barua pepe, mtandao unajikokota, namba inafika imeshapita muda. Mara tatu! Nikaingia. Folda ina kurasa tatu na picha tisa, unaikamata kwa mausi, unaiburuta, unaiachia kwenye kiboksi. Inakaribia kumaliza, umeme pwaa, giza. Wallahi, Disemba 2009 umeme ulipokatika Unguja nzima ukarudi Machi 2010, mie sikulia. Usiku ule machozi yalinilengalenga.

Ukarudi. Nikapakia tena, ikaandika imefanikiwa. Kwa furaha sikungoja hata kuangalia, nikamrushia shemeji kiungo. Halafu ndiyo nafungua mwenyewe: 404, ukurasa haupo.

Haupo vipi, na mie nauona kwenye folda? Kwenye laptopu nikiubofya unafunguka, bahari ya buluu, ngalawa, kila kitu. Winguni haupo. Nikafuta, nikapakia, nikafuta, bando likaisha, nikakopa salio. Saa nane za usiku ndipo nikaona. Seva inatafuta faili la ukurasa wa mwanzo, index.html, i ndogo. Mie nimeandika Index.html, I kubwa, kama ninavyowafundisha watoto wa watu kwamba jina huanza kwa herufi kubwa! Kumbe laptopu yangu ya Windows haijali, kubwa ndogo kwake sawa. Seva za Linux, mfumo mwingine huo, zinajali, kwao ni watu wawili hata hawasalimiani. Miaka kumi na tisa nasahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu, leo nasahihishwa na mashine iliyo sijui nchi gani, tena kwa kuandika sahihi.

Nikarekebisha. Ukurasa huo, lakini picha hakuna. Kamera imemalizia majina yake kwa .JPG, mie kwenye ukurasa nimeandika .jpg. Nikarekebisha zote tisa. Adhana ya Alfajiri ikanikuta na picha ya saba, ile ya choo, shemeji aliisisitiza hiyo.

Domeni sasa, jina lake mwenyewe la kulipia. Unabadilisha rekodi za DNS, daftari la mtandao linaloonyesha jina liko seva gani, unaambiwa ungoje, huenda saa 48. Shemeji kila baada ya Swala: "Imefika?" Utafikiri mzigo wa boti.

Alhamisi ikafunguka. Dada kaiona, mtoto wake aliyeko Muscat kaiona, mpaka mwalimu mkuu. Jioni nakwenda barazani kifua mbele, nakuta shemeji kaipitisha simu yake kwa wazee, uso umemvimba. Kumbe ndio ule ule ukurasa wa Jumatatu, hakuufunga wala hakuurifreshi. Mzee mmoja kaisogeza simu karibu na miwani, kasoma taratibu, kisha akamgeukia shemeji.

"Chumba namba 404? Yakhe, si ulitwambia una vyumba vinne?"