Mafahali Wawili Kwenye Diski Moja

Fundi aliyeniuzia laptopu hii, ghorofa ya pili ya jengo moja pale Luthuli Avenue, Nairobi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa chai ya tangawizi kwenye duka la spea. Nilikuwa nimemwomba aiache Windows 10 iliyokuwemo, asiiguse, nikifika nyumbani nitaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kando yake.

"Mkubwa," akasema, "mafahali wawili hawakai zizi moja. Hii mashine itakuwa nzito, halafu utanirudishia hapa ukisema nilikuuzia takataka."

Methali tamu, lakini hapa haingii. Mafahali wa kompyuta hawaamki pamoja. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, unaletewa orodha fupi, unachagua mmoja, basi. Yule mwingine anabaki faili tu zilizolala kwenye diski. Hagusi RAM, ile kumbukumbu ya kazi inayoendelea, hagusi prosesa, hapunguzi kasi hata kidogo. Wanachogombea ni nafasi peke yake. Uzito anaousema fundi ni wa wale wanaoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine, kwa programu kama VirtualBox. Hapo kweli mgeni na mwenyeji wanakula sahani moja kwa wakati mmoja, na kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8 utasikia feni ikilia kama posho mill.

Sikutafuta mifumo miwili kwa sababu ya kupenda makuu. Kazi yangu ni kuandika hesabu za wafanyabiashara wadogo: duka la spea Kirinyaga Road, hadiwea mbili za Eastlands, na chama kimoja cha akina mama wa Umoja ambacho kinanilipa kwa maneno matamu na sahani ya pilau kila Desemba. Programu ninayotumia niliinunua zamani, ikalipiwa mara moja, na leseni yake imefungwa kwenye Windows ya mashine hii. Walioitengeneza sasa wanauza nyingine ya kulipia kila mwezi. Sina shida na mtu kutafuta riziki yake, lakini na mimi nina yangu.

Laptopu yenyewe ni HP EliteBook 840 G3, zile za "ex-UK" zilizojaa mjini, prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti: prosesa ya Intel iwe kizazi cha 8 kwenda juu, na kuwe na kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikafunga msaada wa kawaida wa Windows 10, yaani vile viraka vya kuziba mianya ya usalama. Walitoa mwaka mmoja wa nyongeza, kwa dola 30 au bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti yao, lakini mwaka ni mwaka, unaisha. Mashine haina kosa lolote. Skrini safi, kibodi nzuri kuliko nyingi mpya zinazouzwa leo. Imeambiwa tu imezeeka.

Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika, na karibu wote unatoka kwa watu wasio na mteja anayewasubiri. Wapo wanaosema hamia Linux kabisa, sahau Windows. Hawa hawajawahi kuletewa faili la miaka sita ambalo linafunguka kwenye programu moja tu duniani. Wapo wanaosema nunua mpya. Hawa sijui huwa wanalipwa na nani. Na wapo wanaojua njia za kuizunguka ile milango ya Windows 11 na kuiingiza kwa nguvu kwenye mashine isiyokubaliwa. Nimeona ikifanya kazi, lakini hesabu za watu siziweki kwenye kitu ambacho mwenyewe aliyekitengeneza amesema hakiahidi.

Mimi nasema kaa na mifumo yote miwili, ila kila mmoja upewe kazi yake. Diski yangu ni ya GB 256, ambayo Windows inaisoma kama 238. Windows nimeipa 120, Linux Mint, aina ya Linux niliyoichagua, nimeipa 50, zilizobaki 68 ni sehemu ya data inayoonekana na pande zote mbili. Windows nimeikata intaneti: Wi-Fi imezimwa, na haiwashwi. Kule ni kuandika hesabu tu, kama chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Barua pepe, benki, tovuti ya ushuru, na uvivu wangu wote wa YouTube viko Mint, ambayo inapata viraka vya usalama kila wiki. Mfumo uliokatiwa msaada si sumu. Sumu ni kuutembeza mtandaoni kana kwamba bado una mlinzi.

Kama unavuka kutoka huku kwenda kule mara tano kwa siku, usijisumbue. Utachoka kuwasha na kuzima, utahamia upande mmoja bila kutangaza, na ule mwingine utabaki kula nafasi. Mimi huvuka mara mbili au tatu kwa wiki.

Sasa nikiri. Mara yangu ya kwanza, miaka kama tisa iliyopita, nilikuwa na kompyuta ya mezani yenye Windows 7, nyumbani Umoja, usiku. Nikafungua programu ya kugawa diski, nikashika ukingo wa sehemu ya Windows kwa kipanya, nikausukuma kama mtu anayesogeza pazia. Nilichosogeza kumbe ni data yenyewe, kipande kwa kipande, na kazi hiyo ikianza haitaki kukatizwa. Ilifika asilimia 61. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nikiitazama wakati stima ilipopotea. Unajua ile sauti ya ploti nzima ikisema "aaaah!" kwa pamoja? Mimi sikusema kitu.

Stima iliporudi, watoto wakishangilia kwenye ngazi, diski ilikuwa haisomeki. Hesabu za chama za mwaka mzima zilikuwa humo, na nakala sikuwa nayo. Jumamosi iliyofuata niliketi sebuleni kwa mama mwenyekiti, akina mama kumi na mmoja wamenizunguka, kila mmoja anasoma ujumbe wa M-Pesa kutoka kwa simu yake nami naandika: Januari elfu mbili, Februari elfu mbili, Machi... Mmoja alikuwa amebadilisha simu, jumbe za zamani zimeenda. "Machi nililipa, mwanangu, Mungu ni shahidi." Tukaandika amelipa. Mweka hazina hakuniambia neno lolote, alinisogezea tu chai. Ningependelea anitukane.

Tangu siku hiyo sigawi diski kabla ya kunakili kila kitu kwenye diski ya nje, na sigawi kompyuta isiyo na betri inayoshika. Laptopu za mtumba betri zake nyingi huwa za maonyesho, kwa hivyo ipime kwanza: ichomoe kwenye umeme, tazama inakaa dakika ngapi. Na kazi ya kupunguza sehemu ya Windows iachie Windows yenyewe, ina kifaa chake cha diski, inajua vitu vyake vimelala wapi.

Nilisema mafahali hawaamki pamoja. Kuna ubaguzi mmoja, na ndio unaowachanganya watu wengi kuliko kitu kingine. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, Windows haizimiki kabisa. Inahifadhi kiini chake kwenye diski ili kesho iamke haraka. Wanaiita Fast Startup. Fahali amelala jicho moja wazi. Ukiingia Linux wakati huo, inakuta sehemu ya Windows imewekwa alama kwamba mwenyewe bado anaitumia, na kwa adabu inakataa kuandika humo. Unaweza kusoma faili tu. Watu wanadhani diski imeharibika. Fungua dirisha la amri la msimamizi kwenye Windows, andika powercfg /h off, umemaliza. Amri hiyo hiyo inafuta faili kubwa la usingizi ambalo mara nyingi ndilo linalozuia sehemu ya Windows kupunguzwa, kwa hivyo ianzishe kabla ya kugawa, si baada.

Halafu kuna saa, na hii lazima niisimulie. Ndani ya kila kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea hata ikizimwa. Linux huiweka kwa saa ya dunia, ile ya UTC, kisha inajumlisha tatu kupata saa ya Nairobi. Windows inachukulia kwamba saa hiyo tayari ni ya hapa nyumbani. Matokeo yake ni kwamba ukitoka Mint ukaingia Windows, uko nyuma kwa saa tatu. Saa tatu asubuhi kamili, jua limeshatoka, Windows inaandika 6:00. Laiti tofauti ingekuwa saa sita, ningeiacha hivyo hivyo, kwani ingekuwa inasoma saa ya Kiswahili! Sisi tumezoea: mshale uko kwenye tisa, mdomo unasema tatu, na hakuna anayekosa basi. Kompyuta haina akili hiyo.

Mimi niligundua Julai moja, nikipitia kazi ya usiku. Risiti nilizoingiza saa saba usiku, tayari ni tarehe mosi, zilikuwa zimeandikwa tarehe 30 Juni. Mtu yeyote anayewasilisha ritani hapa Kenya anajua tarehe 30 Juni ni siku gani. Kompyuta yangu ilikuwa imenizawadia saa tatu ambazo mtoza ushuru hazitambui. Dawa ni amri moja upande wa Mint: timedatectl set-local-rtc 1. Itakuonya kwamba hilo halipendekezwi, na sababu mojawapo ni nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kwa misimu. Sisi hatusogezi. Ikweta ina faida zake.

Na kuna siku fahali mmoja anavunja ua, sitaficha. Tarehe 13 Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilikusudiwa kuzuia vianzishi vya Linux, zile programu zinazoiamsha, vyenye udhaifu. Microsoft walikuwa wamesema halitagusa kompyuta zenye mifumo miwili. Likazigusa baadhi. Watu waliwasha mashine, Linux ikagoma na kuandika kwamba kitu kimeharibika vibaya, na suluhisho la kudumu lilitoka Mei 2025. Miezi tisa! Anayenipinga akinitajia hili, namkubalia. Ndiyo maana flashi yenye Mint ya kuanzishia haitoki kwenye mkoba wangu. Na ukiwa na laptopu mpya kuliko yangu, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, kabla ya kugusa chochote cha kuwashia, kwa sababu inaweza kukudai ufunguo wake. Tokeni ya stima ina tarakimu 20 na bado tunaikosea. Ufunguo huo una 48.

Faida ambayo sikuitarajia ni ya flashi. Wateja wangu wengi huniletea kazi kwenye flashi iliyopita kwenye saiba, na kuna virusi vya zamani, havifi, ambavyo huficha folda zako na kuweka njia za mkato badala yake. Ukibofya, umevikaribisha. Wiki jana kijana wa hadiwea moja alikuja na flashi, jasho linamtoka. Folda zote za mauzo zimekuwa aikoni zenye mshale, na bosi wake anataka ripoti kufikia saa kumi. Nikaifungua upande wa Mint. Zile njia za mkato zilionekana kama zilivyo, vifaili vidogo vya .lnk visivyo na nguvu huko, na pembeni yake folda isiyo na jina, kimya, yenye kila kitu chake ndani. Nikanakili mauzo kwenye ile sehemu ya data, nikafuta uchafu, nikazima, nikawasha, nikachagua Windows, nikaendelea na hesabu. Hatukumaliza hata dakika ishirini.

Kijana alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu muda wote. "Hiyo menyu ya mwanzo," akasema, "yangu unaweza kuniwekea leo?"

Nikamuuliza mauzo haya yako wapi kwingine, mbali na flashi hii. Akatazama chini. Nikamrudishia flashi, nikamwambia aende kwanza akanunue ya pili.