Barafu ya Magomeni

Shangazi yangu, anayeishi Magomeni mjini Bagamoyo, alikuwa na shughuli, nami nilikuwa mgeni kutoka Tanga niliyelala kwa rafiki huko Kaole. Asubuhi akanipigia simu na kuniagiza ninunue barafu za juisi ya ukwaju, nipande gari stendi, nishukie Magomeni.

Naapa kwamba kila taarifa niliyopewa siku ile ilikuwa sahihi. Maandishi ya mbele ya daladala yalisema Bagamoyo–Makumbusho, mstari wa rangi ubavuni uliithibitisha njia hiyo, na mpigadebe, nilipomwuliza kama nitafika Magomeni, alisema nitafika, ila huko mbele nitaunganisha. Tumtendee haki: kijana yule hulipwa gari likijaa, si abiria akifika.

Na kujaa lilijaa. Nilisimama shingo imepinda chini ya paa, shavu limebanwa na kapu la mama mmoja, mfuko wa barafu umetua juu ya kiatu cha mzee aliyeketi. Dirisha sikuliona, hivyo habari zote za safari nilizipata kwa sauti ya konda: Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga.

"Kaka, Magomeni bado?"

"Bado sana," akajibu, na hapo pia hakusema uongo.

Tulipofika Bunju, yule mzee akanigusa kwa upole. "Mwanangu, mguu wangu hauna homa. Mbona unaukanda kwa barafu?"

Makumbusho niliunganisha kwa utii, kisha nikapanda mwendokasi, mabasi yaliyoanza mwaka 2016 na ambayo majina ya vituo vyake yameandikwa kwa herufi anazoweza kuzisoma hata aliyebanwa mlangoni. Nilipoliona neno Magomeni nilishuka kwa fahari, maji yakinitiririka hadi kwenye soksi.

Simu ikaita. "Uko wapi, mwanangu? Wageni wameshaketi."

"Nimefika, shangazi. Niko hapa Magomeni Mapipa."

Akanyamaza. Nikasikia mwiko ukiwekwa chini.

"Mapipa? Hiyo si Magomeni ya Dar es Salaam? Mimi niko Magomeni ya hapa hapa Bagamoyo! Ungepanda bajaji pale stendi, ungefika kabla barafu haijatoa jasho. Iko wapi hiyo barafu?"

Nikautazama mfuko. "Ninayo, shangazi, ila imekuwa maji."

"Rudi nayo hivyo hivyo," akasema. "Jioni tutaoshea masufuria."