Mkesha, mchikichi na mita 60 za kando ya mto

Tangu Serikali ianze kuhimiza kilimo cha michikichi mkoani Kigoma kwa nguvu mpya mwaka 2018, mabonde ya mito yamepata wagombea wawili. Mkulima anayataka kwa kuwa mchikichi hupenda unyevu. Ndege aitwaye mkesha naye anayataka kwa sababu hiyo hiyo. Ndege huyu wa rangi ya kahawia hutafuta chakula chini, akipekua majani yaliyodondoka ili apate minyoo na wadudu. Kivuli kikiondoka, udongo hukauka na kuwa mgumu.

Hoja ya mkulima ni nzito. Mawese ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, na nchi bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, lakini iko michikichi iliyopandwa na mababu kabla ya sheria hiyo. Kumwambia mrithi wao aikate ni kumdhulumu, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa ndege.

Wengine huuliza: mkesha si anaonekana hata kwenye miembe ya mjini? Anaonekana, ndiyo, lakini chini ya miembe ile kuna kivuli na udongo laini. Bonde lililofyekwa na kuchomwa moto halina hata kimoja. Tena si mikesha wote wavumilivu hivyo. Yupo wa kifua cha rangi ya machungwa katika misitu ya Usambara na Uluguru, ambaye ni nadra kutoka kivulini. Huyu wa bustanini hawezi kuwa shahidi wa ndege wote wa msituni.

Kwangu mimi, michikichi ya zamani ibaki, vichaka vilivyo chini yake visifyekwe vyote, na miche mipya ya tenera, yaani mchikichi chotara, ipelekwe kwenye mashamba yaliyokwisha kulimwa. Tenera hutoa mafuta mengi kuliko dura, aina ya asili, kwa hiyo kipato kinaweza kupanda bila kuongeza eneo. Ugumu uko kwenye kiangazi: mche ulio mbali na mto unahitaji kumwagiliwa, na gharama hiyo asiachiwe mkulima peke yake. Halmashauri zinazogawa miche zianze kwa kuuliza kila mche unakwenda kupandwa wapi.